Cheti cha Lori Lililopiga Honi

Mwili wa dereva ulikuwa umebanwa kati ya usukani na kiti, mguu wa kulia bado umekanyaga breki. Lori lilishuka mteremko mzima likajibamiza kwenye ukuta wa ghala, saa moja asubuhi. Mifuko ya saruji ilipasuka ikafunika kila kitu, pamoja na viatu vya Inspekta, ambavyo alikuwa amevipiga kiwi asubuhi ile ile.

"Alisinzia huyo," alisema meneja wa kampuni ya malori. Alikuwa amefika kabla ya polisi, jambo ambalo Inspekta hakulipenda hata kidogo.

"Nani alimwona akisinzia?"

"Gari limekaguliwa siku kumi na mbili zilizopita. Usajili upo, cheti kipo. Kama siyo gari, ni dereva."

Inspekta aliwageukia wanawake wawili waliokuwa wakifagia mbele ya ghala. Wote walisema jambo moja: lori lilikuja likipiga honi tangu juu mpaka chini.

Mtu aliyesinzia hapigi honi. Inspekta alihisi hasira ikimpanda. Ni rahisi mno kumtwisha marehemu lawama, maana hajibu.

Mdogo wake marehemu alikuwa ameketi kando ya barabara, kashika kichwa. Naye alikuwa dereva wa kampuni hiyo hiyo.

"Pole sana, mdogo wangu. Nani atakupeleka nyumbani?"

"Nitajipeleka, afande. Kaka tunamzika nyumbani, na mzigo wangu unapita huko huko. Meneja kasema niondoke saa kumi."

"Lori lako lilikaguliwa lini?"

"Siku moja na la kaka. Yote kumi na moja yalikaguliwa siku hiyo."

Malori kumi na moja kwa siku moja! Inspekta alimpigia simu mkuu wake.

"Gari lenye cheti halali hulisimamishi kwa hisia," mkuu alijibu. "Niletee ushahidi."

"Nitakuletea kabla ya saa kumi."

Akavua koti, akalala chali kwenye saruji, akajipenyeza chini ya lori. Bomba la upepo wa breki lilikuwa limekatika, lakini wakili yeyote angesema limekatikia ukutani. Akatafuta namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye fremu ya gari, aioanishe na kadi ya usajili. Mahali pa namba palikuwa na bamba la chuma lililochomelewa, limeshaota kutu.

Akatoka chini mweupe kama mwokaji, akamwita fundi wa kampuni.

"Bamba hili uliweka wewe?"

"Mimi, mama. Chesisi ilipasuka. Miezi minne sasa."

"Namba ya chesisi iko wapi?"

"Chini ya bamba."

"Inaonekana?"

Fundi akacheka kidogo. "Labda uwe na macho ya malaika."

Inspekta hakucheka. Aliingia garini akaenda moja kwa moja ofisi ya usajili.

Jalada la lori lilikuwa nono. Kila fomu ya ukaguzi ilibandikwa kikaratasi chembamba. Ndivyo ilivyokuwa kazi ya wakaguzi: mkaguzi hushuka kwenye shimo chini ya gari, huweka karatasi juu ya namba ya chesisi na kuisugua kwa penseli mpaka tarakimu zijichore. Kikaratasi hicho ni uthibitisho kwamba alishuka.

Fomu ya siku kumi na mbili zilizopita ilikuwa na kikaratasi chake. Tarakimu zote kumi na saba, safi kabisa.

Inspekta alikibandua. Kisha akasoma sahihi chini ya fomu. Ilikuwa ya mkaguzi ambaye wote walimwita Mzee Penseli. Yeye ndiye aliyemfundisha Inspekta kazi ya kukagua magari, alipokuwa konstebo asiyejua jeki na spana.

Alimkuta mezani kwake, miguu imenyooshwa juu ya kigoda.

"Binti yangu! Umeanguka kwenye unga?"

"Saruji, mwalimu. Natoka kwenye lori la yule dereva." Akaweka kikaratasi mezani. "Hiki ulikisugua lini?"

"Tarehe si umeiona?"

"Nimeiona. Namba imefunikwa na chuma miezi minne. Uliisugua vipi?"

Mzee aliitupia jicho droo ya meza.

"Mwalimu, fungua droo."

"Droo ina vitu vyangu."

"Fungua."

Aliifungua polepole. Ndani mlikuwa na bahasha kumi na moja, kila moja na namba ya gari. Inspekta akamwaga ya kwanza. Vikaratasi vitano vikatoka, vyote vya lori moja, vyote vikisubiri tarehe.

"Nilivisugua mara moja tu, miaka miwili iliyopita," mzee alisema. "Siku ya mwisho niliyoweza kushuka. Magoti yamekwisha, mwanangu. Ngazi ile ya shimo siiwezi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme, kisha? Wanistaafishe nikakae nyumbani nihesabu kuku? Mke wangu amekufa, watoto wako mbali. Hapa naitwa Mzee Penseli. Kule ningeitwa nani?"

"Meneja alijua?"

"Alijua. Aliniambia, mzee wewe kaa tu, fomu nitakuletea mezani."

Inspekta alimpenda mzee huyu, na hilo lilimuuma. Lakini alisogeza karatasi ya maelezo mbele yake.

"Andika yote, mwalimu. Kuna kijana anaondoka saa kumi na breki ulizozipitisha ukiwa umekaa."

Mzee alichukua penseli kwa mazoea. Inspekta akampokonya, akampa kalamu ya wino.

Saa kumi kasoro dakika kumi, lori la mdogo wa marehemu lilikuwa likinguruma kwenye geti la kampuni. Meneja alikuja mbio.

"Unazuia gari lenye cheti!"

"Soma." Inspekta alimwonyesha maelezo yenye sahihi. Meneja alisoma, akamrudishia karatasi.

Lori likarudishwa juu ya shimo la gereji ya kampuni, injini ikazimwa. Inspekta akashuka ngazi mwenyewe, tochi mkononi. Hakuchukua muda.

"Mdogo wangu, njoo."

Bomba la upepo wa breki lilikuwa limepasuka, nalo limefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi ya baiskeli. Kijana aliligusa kwa kidole. Upepo ulikuwa ukivuja taratibu.

"La kaka lilikuwa hivi?"

"Alikanyaga mpaka mwisho. Halikumsikia. Hakusinzia, kaka yako."

Kijana akalia pale pale shimoni, kwa sauti, bila aibu. Kisha akafuta uso, akapanda ngazi, akamwendea meneja. Akauchukua mkono wake na kuuweka ufunguo wa lori kiganjani.

"Cheti unacho," alisema. "Mteremko unaujua. Endesha wewe."

Meneja alitazama lori, akamtazama Inspekta akitoa pingu. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele, ufunguo ukaanguka chini.