Pimamaji Iliyoanguka

Kila alasiri akitoka shule, binti wa fundi alivua sare, akanywa maji, akakimbilia banda la nyuma ya nyumba. Wiki hii alikwenda kwa kujikokota.

Bandani mlikuwa na kerezo jipya, mashine inayozungusha chuma ili kichongwe kiwe cha mviringo. Baba yake alikereza vyuma kiwandani kwa miaka ishirini. Kiwanda kilipofungwa, akatumia kiinua mgongo chake chote kununua mashine hiyo, na wanaume sita wakaibeba huku wakitweta. "Haya, mke mwenzangu kahamia!" mama alitania siku ile. Sasa hakuna aliyetania tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," fundi alijibu bila kuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti, akiingiza vipande vyembamba vya bati chini ya mguu wa mashine. Kerezo lisipokaa sawasawa, chuma hutoka kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Aliweka juu yake pimamaji, kifaa cha kupimia usawa, akatazama kipovu kinachoelea ndani ya kioo chake. Kilikaa katikati. Akakaza nati, akachonga, akapima. Loo! Upande mmoja ulikuwa mnene tena, na hiyo ilikuwa siku ya tatu.

Msagaji wa nafaka alisimama mlangoni akisubiri shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha mashine yake ya kusaga. "Fundi, wateja wanarudi na magunia yao. Kesho jioni nikiikosa, naenda kwa mwingine."

"Nivumilie kidogo, ndugu yangu."

Msagaji alipoondoka, fundi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama viganja vyake. "Pimamaji hii haijawahi kunidanganya. Basi mbovu ni mimi. Macho yamekwisha, mwanangu. Bora niiuze tu hii mashine."

Jamani, binti ndiye aliyejua! Wiki iliyopita aliichukua pimamaji kwa siri, eti apime kama meza ya jikoni imekaa sawa. Ikamponyoka, ikagonga saruji. Kioo hakikupasuka, kwa hiyo akaifuta, akairudisha kwenye boksi lake, akajiambia haina neno. Sasa kila alipotaka kusema, ulimi ulikuwa mzito. Akisema, baba atamwonaje? Asiposema, mashine inauzwa.

Kesho yake alimkuta mama akilifuta kerezo vumbi. "Anakuja mtu kuliangalia," mama alisema kwa sauti ya chini. Fundi alikuwa amewapa mgongo.

Binti akaangua kilio. "Baba, niliiangusha! Pimamaji, niliiangusha mimi!" Akamwaga yote.

Fundi aliiweka pimamaji juu ya meza; kipovu kikatulia katikati. Akaiinua, akairudisha palepale, kikakimbilia pembeni. Akaitikisa karibu na sikio. Kioo kilikuwa kimelegea, kinacheza ndani.

"Tufanyeje sasa?" mama aliuliza.

"Tuiache. Chuma chenyewe kitatupa jibu."

Alifunga kipande cha chuma kwenye mashine, akachonga ncha zote mbili, binti akapima unene wa kila ncha na kusoma vipimo. "Huku kumezidi, baba." Bati likaongezwa, nati zikakazwa, wakachonga tena. Walirudia mara tano. Mara ya sita binti alisoma, akasoma tena, haamini. "Ziko sawa!"

Jioni msagaji aliondoka na shafti yake, na yule mnunuzi akaambiwa mashine haiuzwi.

Ndipo fundi akamketisha binti yake. Hakufoka, na hilo lilimuumiza zaidi. "Kuangusha kitu ni ajali, hata mimi nimeangusha vingi. Kuchukua bila ruhusa ni kosa, na adhabu yake utaipata. Lakini siku tatu, mwanangu, uliniona nikihangaika hadi nikajiita kipofu, ukanyamaza. Pimamaji nitanunua nyingine. Mimi ulitaka ninunuliwe wapi? Ukikosea, sema mapema, mwenzako asije akabeba kosa lako akidhani ni lake."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Sasa andika kwenye boksi lake: imeharibika, isitumike."

Binti aliandika kwa herufi kubwa. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaongeza chini yake: Niliiangusha mimi.