Saa ya Ukutani na Saa ya Sindano

Mjukuu wangu tunamwita Kwanini. Ana miaka kumi na mmoja. Akirudi shule huvua viatu mlangoni, hula haraka haraka, kisha huniuliza maswali mpaka maji ya kuoshea vyombo yapoe. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mara nyingi humjibu, "Hilo sijui, mama."

Mwezi mmoja tulikuwa tukiishi na mwanangu wa mwisho, fundi cherehani. Kwanini humwita mama mdogo. Alikuwa ametafuta mtoto miaka sita, na matibabu yalikuwa yameshindikana mara mbili. Safari hii alijichoma sindano za homoni siku kumi ili mayai yake yakue. Ikabaki moja tu, ya Jumanne saa moja kamili jioni, ili Alhamisi saa moja asubuhi daktari ayatoe, yakarutubishwe maabara.

Jumanne hiyo mimi nilikwenda kumwangalia jirani mgonjwa. Simu ya mwanangu ilikuwa kwa fundi wa simu. Akajilaza, akasema, "Kwanini, niamshe saa moja kamili."

"Siwezi kusahau, mama mdogo!"

Mtoto akakaa na karatasi ya maelezo ya dawa. Akachora ovari, kifuko cha mayai, daftarini, akaipaka rangi, akafuta, akachora upya. Alipoinua macho, saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na nusu! Akapanda kiti, akarudisha mishale hadi saa moja, ndipo akamwamsha. Mama yake mdogo akajichoma, akaandika kwenye kadi ya kliniki: saa moja kamili. Alipolala tena, Kwanini akairekebisha saa. Haya yote niliyajua baadaye.

Jumatano alipotoka shule aliniuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, sindano ikichelewa, mayai yanajua?"

"Hilo sijui. Twende kliniki na mama yako mdogo, ukamuulize muuguzi."

"Aa, basi."

Kwanini wangu kukataa kuuliza? Nikajua kuna jambo. Nikamshika mkono, tukaenda wote watatu.

Muuguzi alikuwa mama mcheshi. "Haya, daktari wangu mdogo, uliza."

Mtoto akauliza akiangalia viatu vyake.

"Swali zuri!" alisema muuguzi. "Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno. Ndani ya kila chembe kuna maagizo yanayoitwa jeni. Yafikirie kama kitabu. Dawa haibadilishi kitabu, inabadilisha kurasa zinazosomwa. Sindano zile za kwanza ziliziambia chembe za ovari zisome kurasa za kukuza mayai. Ya jana inaziambia zifunge hizo, zifungue za kuyakomaza na kuyalegeza yatoke."

"Zote kwa mara moja?"

"Hapana. Huu ukurasa, kisha ule, saa baada ya saa. Tukiwahi, mayai hayajakomaa. Tukichelewa sana, yameshatoka yenyewe."

"Chembe zinafuata saa ya ukutani?"

"Zitaionea wapi? Zinahesabu tangu dawa ilipoingia."

Kwanini akaangua kilio. "Iliingia saa mbili na nusu! Nilichelewa kumwamsha, nikairudisha saa nyuma!"

Mwanangu akaitoa kadi mkobani, akaiweka mezani. Muuguzi akaichukua taratibu, akakata "saa moja", akaandika "saa mbili na nusu". Kisha akainua simu ya mezani. "Chumba cha upasuaji? Kesho mgonjwa wa kwanza na wa pili wabadilishane. Wangu aingie saa mbili na nusu."

Alhamisi tulisubiri kwenye benchi refu. Muuguzi alitoka akitabasamu. "Tumepata tisa, na saba yamekomaa. Mtoto bado hatujamshika, lakini tumeanza vizuri."

Mwanangu alipoweza kukaa, alimvuta Kwanini karibu. "Kuchelewa ningekusamehe palepale. Lakini kadi ilisema uongo, na daktari angeuamini. Ukikosea, niambie mapema, wakati bado kuna la kufanya. Umesikia?"

"Nimesikia, mama mdogo."

"Na kesho nina dawa ya saa kumi na mbili asubuhi."

"Nani atakuamsha?"

"Wewe. Nani mwingine?"