Zamu ya Aliyebaki

Picha ile hakuipiga yeye. Alikuwa amekaa kwenye chumba cha kompyuta chuoni, mchana kweupe, akipitia kazi yake ya wiki huku kope zinamwelemea, mara akajiona. Utosi wake, kwa juu, nywele hazijachanwa, ameinama kitandani kwa bibi yake na kijiko mkononi. Aliyepiga alikuwa juu ya kabati la nguo, kwenye kona ambayo dari linakutana na ukuta, na pale juu hapakuwa na nafasi hata ya kuweka begi.

Akasema ni kamera. Kamera za chuo zimepita mikono mingi, nyingine hujifyatua zenyewe, naye alikuwa hoi kiasi kwamba maelezo yoyote mepesi aliyapokea kwa mikono miwili. Akaiweka ile picha kando, akaendelea na kazi.

Alikuwa amechoka ule uchovu usiotibiwa na usingizi. Asubuhi chuo, mchana mbio nyumbani kumgeuza bibi, kumwogesha, kumlisha, jioni kufua mashuka. Bibi alipooza tangu mwaka uliopita. Miguu iligoma, mikono ikafuata, kilichobaki kizima ni ulimi na macho, na kwa macho hayo bibi aliishi. Kitanda kilisogezwa dirishani, na kutoka pale alijua nani kanunua viatu vipya na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara anagombana na mteja gani. Jioni alimsimulia mjukuu wake yote, bila kuacha hata matusi, wakacheka mpaka machozi. Msichana hakuwa na kitu kingine cha kumfurahisha duniani, na alilijua hilo.

Kazi yenyewe ilitoka kwa mwalimu waliyembandika jina la Sakafu, kwa sababu hakuona shida kulala chini na suti yake iliyopigwa pasi ili kuwaonyesha pembe nzuri ya kupigia picha. "Chagueni chumba kimoja," aliwaambia siku ile akiwa chini ya meza. "Nionyesheni anavyokiona kila anayeishi humo, mrefu kwa mfupi, mzima kwa mgonjwa. Macho yenu yaacheni mlangoni."

Alichagua chumba cha bibi. Ili asichanganye picha, alijizoesha kutaja zamu kwa sauti kila alipohamisha stendi. "Zamu ya bibi," na kamera ikalazwa kwenye mto. "Zamu ya mjomba," na stendi ikarefushwa, maana mjomba, fundi wa majokofu aliyelala chumba cha pili, ni mtu wa kuinama kila mlango. "Zamu yangu." Siku zote kwa mpangilio huo, hata ikawa mdomo unatamka wenyewe. Siku ya kwanza, kazi imekwisha na nyayo zinawaka moto, alitania: "Haya, na aliyebaki naye apate zamu yake." Bibi alicheka. Msichana akaiacha kamera imewashwa, akaenda jikoni.

Picha ya pili ya ziada ilipigwa kutoka usawa wa kitasa cha kabati. Iliyofuata, usawa wa kiti. Aliyekuwa anapiga alikuwa anashuka, na kila picha ilimwelekea bibi.

"Mbona hamfungui dirisha leo?" bibi aliuliza asubuhi moja.

"Liko wazi, bibi."

"Usinitanie, mwanangu. Giza lote hili?"

Jua lilikuwa limelala juu ya shuka lake lote, mpaka kidevuni. Msichana alimpungia mkono mbele ya uso. Kope hazikucheza. Daktari aliyekuja kummulika alisema macho ni mazima, haoni kasoro yoyote, labda ni uzee, akafunga mkoba wake. Tangu siku hiyo hapakuwa tena na habari za fundi cherehani, na jioni zikawa ndefu mno.

Kisha ikaja harufu, ya nywele zilizoungua zikichanganyika na udongo mbichi, na ukipiga deki inazidi. Kisha ukaja mlio wa kamera kujifyatua, ilhali kamera imo begini, begi limefungwa zipu, limetundikwa msumarini.

Jumamosi mchana, akiwa anamlisha bibi, aliusikia mlio ule karibu kabisa na sikio lake.

"Mwanangu," bibi akanong'ona, "mwambie huyu aliyelala ubavuni mwangu asogee kidogo. Ana baridi."

Msichana aliweka sahani chini, akaliendea begi, akaivuta zipu, akaitoa kamera ambayo alikuwa ameizima kwa mkono wake mwenyewe na sasa ilikuwa na joto, akaibonyeza ili aone picha ya mwisho ingawa kila kiungo mwilini kilimsihi asiione, na pale kwenye kioo kidogo akauona uso wake, karibu sana, umepigwa kutoka kwenye mto wa bibi, kijiko kikiwa hewani na jasho la dakika ile ile likiwa juu ya mdomo, na pembeni mwa picha, pale ambapo palitakiwa kuwa na shavu la bibi peke yake, palikuwa na shavu la pili. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, na juu ya woga huo alitaka tu kukaa chini alie.

Mjomba ndiye aliyemleta mganga, mama mnene aliyeingia akihema, akaomba kwanza kiti, kisha maji.

"Samahani, nimetoka nyumba nyingine sasa hivi," alisema. "Majini hayana wikendi. Ulimwitaje?"

Msichana alimweleza habari ya zamu. Mjomba akashika kichwa. Mganga hakushangaa, alichoka tu zaidi.

"Ulimpa zamu, akaipokea. Haondoki mpaka aambiwe imekwisha, na wa kumwambia ni wewe. Sasa nisikilize vizuri. Amekalia macho ya bibi yako. Funga zamu ya mjomba, funga yako, mwisho funga yake. Ya bibi usiiguse. Ukiifunga ya bibi, macho yatabaki hayana mwenyewe, naye atayachukua yawe yake moja kwa moja. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Ulilala jana?"

"Nimeelewa."

Kamera ikasimamishwa kwenye stendi, ikatazamishwa kitandani. Mganga akaanza kusoma taratibu. Kabati likatoa mlio, milango yake ikatetemeka, harufu ikapanda mpaka mjomba akaziba pua kwa shati, na bibi akaanza kulia kwa sauti ndogo akiomba atolewe gizani. Kile kilio kilimkata msichana maini. Alitaka kimalizike, kimalizike sasa hivi, na mganga alipomwashiria kwa kichwa aanze, akafumba macho na kuyatoa yote kwa pumzi moja.

"Zamu ya bibi imekwisha, zamu ya mjomba imekwisha, zamu yangu imekwisha, zamu ya aliyebaki imekwisha."

Kimya kikaingia. Harufu ikakatika kama iliyozimwa. Kabati likatulia, na upepo wa kawaida ukalipeperusha pazia.

"Ninaona," bibi alisema.

Msichana akamkimbilia, akapiga magoti kando ya kitanda, akalia kwa furaha bila kuona haya. Macho ya bibi yalikuwa maangavu, yanacheza huku na huko. Yalimpita mjomba, yakampita mganga, yakatua juu yake. Ndipo alipoona kwamba mganga hajanyanyuka kitini, na anamtazama kwa huruma.

"Mwanangu," mganga alimuuliza kwa sauti ya chini, "umeanza na zamu ya nani?"

Kabla hajajibu, mkono wa bibi ulijiinua juu ya shuka, mkono ambao ulikuwa haujasogea mwaka mzima, ukamshika kidevu. Ulikuwa wa baridi. Bibi, ambaye maishani mwake hakuwahi kushika kamera, akafumba jicho moja.

"Sogea kushoto kidogo," alisema. "Hapo mwanga haukupati vizuri."