Aliyemgeuza Samaki

Siku ile ilianza kama siku zote katika hori la Tai O, tunakoishi wavuvi ndani ya mashua zetu. Jua lilitoka, uduvi ukaanikwa, na Bi Ngan akaanza kuyalalamikia magoti yake. Sisi tuishio majini tunajua aliyaharibia wapi: kwenye usukani wa merikebu ya maharamia. Mumewe alipouawa na mzinga, mabaharia hawakutafuta nahodha mwingine. Ngan alimbeba mwanawe mgongoni, akashika usukani, akawaongoza kuteka vyombo vya chumvi na kuchoma vijiji vya watu. Wanawake wa namna yake hawakuwa wachache katika kundi lile. Serikali ilipowasamehe, alikabidhi silaha, akapewa nyama ya nguruwe na divai, akarudi mashuani kulala. Lakini uchovu wake haukuwa wa kuisha kwa usingizi.

Adhuhuri, mkwewe Yuk-ho, mke wa mwanawe, aliandaa wali na samaki wa mvuke. Mwana wa Ngan alikuwa kwenye uvuvi, hivyo walikaa watatu: Ngan, Yuk-ho na mjukuu, Mui, aliyekuwa amefungwa kibuyu mgongoni ili akianguka majini aelee. Wengi huwafunga vibuyu watoto wa kiume tu. Ngan alimfunga wa kike, akasema anayetaka kucheka aje acheke mbele yake. Walikula upande wa juu wa samaki. Yuk-ho akainuka kuleta chai, Ngan akageuka kumfuta mtoto pua. Walipotazama tena sahani, samaki alikuwa amelala upande wa pili.

Mtu wa majini hamgeuzi samaki mezani. Ukimgeuza samaki, umekigeuza chombo, na wenzako umewazamisha. Unang'oa mfupa wa mgongo, unakula nyama ya chini, basi.

"Mama, ni wewe?" Yuk-ho aliuliza.

"Mimi nimerukwa na akili?"

Yuk-ho akacheka. Akamtania kwamba mwanamke aliyewatoa jasho askari wa mfalme leo anatolewa jasho na samaki. Ngan alikuwa anatazama mkeka ubavuni mwake, mahali pasipokaliwa na mtu. Ulikuwa umelowa chapachapa.

Kesho yake samaki aligeuzwa tena. Keshokutwa yake Ngan alimkodolea macho asipepese. Jasho likamwingia jichoni, akalifuta mara moja tu. Samaki alikuwa amegeuzwa, na vijiti vimelazwa kando yake kwa adabu, kama afanyavyo mgeni.

Hapo alijua ni nani.

Alikuwa mateka wa enzi zile za uharamia, mwanamke wa nchi kavu, mfuga viwavi wa hariri kutoka kijiji walichokichoma, kijiji cha miforsadi, miti inayolisha viwavi hao. Ngan alimkaribisha kula kwenye sahani yake mwenyewe, wakisubiri nduguze waje kumkomboa. Mwanamke akala upande wa juu, kisha akamgeuza samaki, kama alivyozoea kwao. Alasiri ile dhoruba ikavunja mlingoti. Mabaharia wakamjia Ngan usukanini, wakasema anayestahili kutupwa baharini anajulikana. Neno lake moja lingetosha kumwokoa. Lakini alikuwa hajalala tangu juzi yake, mtoto alikuwa analia mgongoni, mikono ilikuwa inamtetemeka. Akasema, "Fanyeni mnavyotaka." Hakugeuka hata kutazama.

Sasa ulikuwa mwezi wa saba, mwezi ambao wafu huachiwa watoke kutafuta chakula. Na aliyekufa maji hatoki majini moja kwa moja mpaka apate wa kushika nafasi yake. Kwa nini mwaka huu na si mwaka mwingine, Ngan hakujua. Labda ni kwa sababu zamani hakuwa na mjukuu wa kuchukuliwa.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Mui ameketi ukingoni mwa mashua, miguu ikining'inia juu ya maji. Kibuyu kilikuwa kando yake. Kamba yake haikukatwa. Ilifunguliwa fundo kwa fundo, ikakunjwa vizuri.

"Nani amekufungua?" Ngan alinong'ona.

"Shangazi aliyelowa. Anasema twende."

Ngan alimnyakua, akamkumbatia mpaka mtoto akalia. Akamwambia Yuk-ho ampeleke mtoto kwa dada yake, nchi kavu, wasirudi kabla ya jioni. Yuk-ho alitaka kuuliza. Akautazama uso wa mkwewe, akambeba mtoto, akaenda.

Ngan akapika samaki. Akapakua mabakuli mawili ya wali. Akakaa.

Hori lilikuwa kimya. Hakuna upepo. Mkeka wa pili ukaanza kulowa, polepole, kutoka katikati.

"Hata jina lako sikukuuliza," Ngan alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nimechoka. Hata leo nimechoka. Lakini mtoto humpati."

Walikula upande wa juu. Wali wa bakuli la pili ulipungua. Ngan hakuinua macho.

Upande wa juu ukaisha. Vijiti vya mgeni vikanyanyuka.

"Acha," Ngan alisema. "Leo namgeuza mimi."

Akaingiza vijiti chini ya samaki. Mkono haukutetemeka. Akamgeuza.

Yuk-ho aliporudi jioni alikuta mashua imetulia, haina hata tone la maji ndani. Sahani ilibaki na mifupa mitupu. Mabakuli yote mawili yalikuwa matupu. Ngan hakuonekana tena, wala maiti yake haikuelea. Mui alikua, akaolewa, akazaa.

Mashua ile bado ipo. Imeinamia nyuma, upande wa usukani, hata ikiwa haina mtu wala mzigo. Mafundi wameipandisha nchi kavu, wamekagua kila ubao, hawakuona kasoro. Wakairudisha majini. Ikainama palepale, kwa uzito wa watu wazima wawili.