Kilabu cha Stefania na Maji ya Bondeni

Siku ya mpira Stefania hakukaa kitako. Kilabu chake kilikuwa kando ya kiwanja cha Mtanda, pale Lindi. Mtu aliweza kukaa kwenye benchi na kata ya pombe mkononi, akautazama mchezo mpaka mwisho bila kunyanyuka. Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyetawala. Siku za kazi watu walikuwa mali ya mabwana zao. Jumapili walikuwa mali ya mpira.

Stefania alipika pombe ya mtama. Aliichemsha, akaipoza, akaitia mitungini. Nje ya ua alikaa jirani yake, Mwanaheri, akikaanga samaki na mihogo. Mwanaheri hakugusa pombe, dini ilimkataza. Lakini alisema mlevi mwenye njaa ni mteja kama wengine. Wasiokunywa walikula kwake na kushushia kwa madafu. Wanywaji walinunua samaki wakaingia nao kwa Stefania.

Jumapili moja ya masika walikuja wageni, timu ya shamba la mkonge. Nahodha wao aliitwa Sebastiani. Golikipa wa Mtanda alikuwa Nikodemu, shemeji yake Stefania, mdogo wa mumewe Severini. Nikodemu aliletwa kwa kaka yake akiwa bado anatembea na shati tupu, hana kaptura. Stefania ndiye aliyemlea.

Wageni walimtania tangu mwanzo. Mmoja alimwuliza kama analinda goli au analinda kuku.

"Nalinda kuku," Nikodemu alijibu. "Vicheche wenyewe nimekwisha waona."

Kiwanja kizima kilicheka. Mtanda wakashinda kwa goli moja.

Baada ya mchezo timu zote mbili ziliingia kilabuni. Stefania alichota kata ya kwanza, akanywa funda moja mbele ya watu wote. Ndiyo desturi: mwenye pombe huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu. Kisha wageni walipewa mtungi huo, wakanywa mpaka ukaisha. Wenyeji walisubiri. Lori la shamba lilipowachukua wageni, ndipo watu wa Mtanda walipokaa kunywa ushindi wao.

Ulikuwa umebaki mtungi wa pili tu, na watu walikuwa wengi. Stefania alichukua ndoo, akashuka kisimani bondeni. Akarudi, akaizimua pombe, yaani akaiongeza maji ili iwatoshe wote. Wapika pombe wengi walifanya hivyo. Maji yalikuwa meupe, ndani ya ndoo palionekana mpaka chini.

Nikodemu alionja akacheka. "Shemeji, leo pombe imeoga."

Stefania alimwambia anywe, anyamaze.

Wiki haikufika katikati. Nikodemu alianza kuhara, kisha akahara damu. Nyumba ya tatu nayo ilikuwa na mgonjwa. Ng'ambo ya kiwanja wagonjwa wengine. Wote walikuwa wamekunywa kilabuni. Mtu mmoja aliyefika shamba la mkonge alirudi na habari kwamba kule hakuna hata anayeumwa kichwa. Sebastiani na wenzake wanakata mkonge kama kawaida.

Severini aliposikia hayo alisimama. "Tumekunywa pamoja. Sisi tunakufa, wao wazima. Ni nani aliyeturoga, kama si wao?"

Hakuna aliyeuliza zaidi. Na kwa kuwa ilisemwa ni uchawi, hakuna aliyepelekwa hospitali. Watu waliamini kwamba aliyerogwa akipigwa sindano hufa palepale. Aliitwa fundi wa dawa. Akaleta mizizi yake, akakataza mgonjwa asipewe maji, ili tumbo likauke.

Nikodemu alilala kwenye mkeka, midomo imepasuka. Aliomba maji. Stefania alimwambia avumilie. Aliomba tena. Stefania akakitoa kibuyu cha maji chumbani, akakiweka mbali, ili shemeji yake asikione.

Uani Severini na wanaume wengine walinoa mapanga. Walikusudia kwenda shambani kumtafuta Sebastiani. Mwanaheri alisikia mlio wa mapanga kwenye jiwe kutoka jikoni kwake. Alijitupia kanga kichwani, akaenda mjini kwa miguu kumwita Bwana Afya.

Bwana Afya aliitwa Pazi. Alikuja kwa baiskeli, Mwanaheri amekaa nyuma, akaingia moja kwa moja kwa mgonjwa. Alimfinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama. Akaomba maji yaliyochemshwa.

Stefania alimwambia kwamba maji yamekatazwa.

"Mama Agnes," Pazi alisema, kwa kuwa binti wa Stefania aliitwa Agnes, "mtu anayehara anamwagika kama mtungi uliotoboka. Usipomwongezea atakauka. Mpe kidogo kidogo, bila kuacha. Uji mwepesi wenye chumvi pia mpe. Na sasa hivi abebwe apelekwe hospitali, yeye na wenzake wote."

Severini alijisimamisha mlangoni. "Mkimpiga sindano atakufa."

"Hao mliosikia wamekufa kwa sindano walicheleweshwa nyumbani, Bwana Severini. Walifika wamekwisha kauka. Ondoka mlangoni, ndugu yangu, mdogo wako apite."

Severini akapisha. Wakambeba Nikodemu kwenye mkeka wake, njia nzima Mwanaheri akimtilia maji kinywani kwa kijiko.

Pazi alibaki nyuma. Alitaka kujua watu walikunywa nini. Wanaume walimzunguka Stefania na mapanga yao, na Stefania akaona wazi kwamba sasa yeye ndiye anayetazamwa. Akajitetea.

"Mimi nilionja mbele ya watu."

"Ulionja mtungi gani?" Pazi aliuliza.

"Ule wa wageni."

"Na wenyeji walikunywa upi?"

"Wa pili. Na sikumwacha mtu aukaribie. Hata maji ya kuzimulia nilichota kwa mkono wangu, kule bondeni. Maji meupe kabisa."

Pazi aliomba apelekwe kisimani, na wote wakamfuata. Kisima kilikuwa shimo tu, hakina ukingo wala kifuniko. Juu yake kulikuwa na mteremko wa vichaka, na juu ya mteremko kiwanja cha mpira.

"Siku ya mpira watu wote hawa hujisaidia wapi?"

Waliangalia chini. Kila mmoja alivijua vile vichaka.

"Na mvua ikinyesha, maji hushuka wapi?"

Severini aliutazama mteremko, akakitazama kisima. Michirizi ya mvua ilikuwa bado inaonekana kwenye udongo.

Pazi aliwaeleza polepole. Vijidudu vya kuhara damu hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa. Havionekani kwa macho, na maji meupe yanaweza kuwa navyo. Maji yakichemka sawasawa, vinakufa. Pombe ya kwanza ilichemshwa. Ya pili ilitiwa maji mabichi. Wageni hawakuroga mtu. Waliheshimiwa kwa kupewa mtungi wa kwanza, basi wakasalimika.

Severini alilaza panga lake chini.

Wagonjwa wengine walipona. Nikodemu alikufa hospitali. Alikuwa amechelewa.

Sebastiani na timu yake walikuja mazikoni. Wao ndio waliochimba kaburi, na Severini hakuweza kuwatazama usoni. Stefania hakulia kwa sauti. Pazi alipokuja kumpa pole, alimwuliza kama maji yangemwokoa.

"Pengine," Pazi alisema. "Hukujua, Mama Agnes. Lakini kuanzia leo unajua."

Baada ya matanga watu wa Mtanda walifyeka vile vichaka. Walichimba vyoo vya shimo upande wa pili wa kiwanja, mbali na bonde. Kisima kikajengewa ukingo wa mawe na kifuniko cha mbao. Mwanaheri aliwafunika samaki wake kwa kawa, nzi wasitue juu yao, akaweka maji na sabuni pembeni. Asiyenawa hakuuziwa. Stefania alichemsha maji yote, hata ya kusuuzia kata.

Masika yaliyofuata mpira ulichezwa, watu wakala na kunywa, na hapakuwa na nyumba iliyopatwa na kuhara damu.

Siku moja Mtanda walishinda tena, na pombe ikapungua. Mteja mmoja aligonga benchi kwa kata yake. "Mama Agnes, zimua basi. Kisima si hicho hapo? Watu wana kiu."

Stefania alimwonyesha sufuria mekoni. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kutokota.

"Yachemke, yapoe, ndipo nitazimua."

"Mpaka lini? Nakwambia tuna kiu."

"Nikodemu naye alikuwa na kiu," Stefania alisema.

Yule mteja aliweka kata yake chini, akasubiri.