Maji Yaliyokufa

Waliokuwepo siku ya kuanua matanga walikuwa hawa: Petronila, mama wa marehemu Bernado; Silasi, mume wa Petronila; bibi Mbuke, mama yake Silasi; jirani yao Ryoba; na Kasmiri, bwana afya. Wankyo, mtoto pekee aliyebaki, alilala kwenye ngozi ya ng'ombe. Alikuwa ameanza kuharisha, kama alivyoanza marehemu kaka yake.

Familia hiyo ilikuwa imehamia kijiji cha ujamaa cha Bukima, kando ya ziwa. Walichota maji papo hapo ng'ombe waliponyweshwa na nguo zilipofuliwa. Mvua iliponyesha, ilisomba vinyesi vya vichakani hadi ziwani.

"Ulituambia tuchemshe," Petronila alisema, sauti imemkauka kwa kilio. "Nimechemsha kila siku. Mbona Bernado amekufa?"

Kasmiri alimgeukia. "Mama Wankyo, ukishachemsha unafanyaje?"

"Namimina mtungini. Halafu naongeza kata moja ya maji mabichi, yafufuke."

"Yafufuke?"

"Maji yakichemshwa yanakufa, mwanangu," bibi Mbuke alidakia. "Hayana ladha. Sisi tulikuwaga tunampa mgonjwa tu. Ukimpa mgeni, atakusema mpaka kijiji cha Murangi."

"Na Ryoba ndiye angeongoza kusema," Silasi alisema. Ryoba aliinama. Hakuna aliyecheka.

"Kata ile moja inarudisha vijidudu," Kasmiri alieleza polepole. "Yafunikeni, yapoe yenyewe. Sasa huyu twende naye zahanati. Baiskeli yangu iko nje. Njiani tutamnywesha maji safi yenye sukari na chumvi."

Petronila aliitazama kata. Mkono wake mwenyewe ndio uliochota. Wahenga husema majuto ni mjukuu. Yeye yalimkuta angali analea. Alimfunga Wankyo mgongoni kwa kanga. Mtoto alikuwa mwepesi kama kanga yenyewe.

Kwa desturi, mwombolezaji hunywa maji kabla ya kuaga. Ryoba alisimama, na bibi Mbuke akaichukua kata ampe. Petronila alimpokonya, akaupindua mtungi. Maji yakatapakaa uani mbele ya wote.

"Sikilizeni," alisema. "Kuanzia leo, awe mgeni, awe mkwe, hapa atakunywa maji yaliyokufa. Asiyeyataka aondoke na kiu yake. Mimi nimefufua maji, nikamzika mwanangu."