Penseli Mkononi mwa Mwalimu

Sikilizeni, ndugu zangu mnaofundisha. Mwaka wa sabini na tano, nyumba ya Mwalimu Andwele pale Chanji, Sumbawanga, ilikuwa na raha yake. Jumapili wakitoka kanisani, mkewe Suma alisonga ugali wa ulezi, na Atusaye, mdogo wake Andwele, akaunga maharage. Andwele mwenyewe alikaa mezani akiandaa masomo. Alifundisha uchoraji katika chuo cha ualimu, na Atusaye alikuwa mwanachuo wake.

Andalio la somo lina nafasi pale chini ambapo mwalimu, akishafundisha, huandika somo limekwendaje. Andwele aliijaza Jumapili hiyo hiyo, ya wiki nzima: "Somo limeeleweka."

"Baba Ambwene, hata hujafundisha," Suma akamwambia. "Umejuaje kama wameelewa?"

"Miaka kumi na moja nafundisha, Mama Ambwene. Nikuulize wewe?"

Kuchora alijua, tusimnyime haki yake. Tatizo ni kwamba mwanachuo akisitasita kidogo tu, Andwele alimpokonya penseli. "Lete hapa, unaharibu karatasi ya umma!" Mstari wa kwanza ukawa wake, na wa mwisho wake. Picha zikatundikwa ukumbini, wageni wakazisifia. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Oktoba akaja mtahini, Ndugu Evaristi. Akamtoa Andwele nje, akafunga mlango, akawaambia wanachuo wachore soko la Majengo kama walivyoliona wenyewe. Andwele akazunguka uwanjani saa mbili nzima, akingojea pongezi.

Mlango ulipofunguliwa, kati ya karatasi ishirini na mbili, kumi na tisa zilikuwa nyeupe pe! Ya Atusaye ilikuwa na alama za vidole vyenye jasho tu.

"Atusaye! Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe, kaka."

Ndugu Evaristi akakunja karatasi zake. "Hawa ndio wakafundishe watoto wa vijiji vya ujamaa? Nitarudi Januari. Atakayeshindwa tena, cheti hapati."

Nyumbani Atusaye alianza kufunga nguo zake. Alisema heri arudi kwao Tukuyu akalime. Andwele aliona aibu mpaka chakula kikamshinda.

"Mdogo wangu," akasema, "niambie bila kunificha. Ninafundishaje?"

"Hufundishi, kaka. Wewe unachora, sisi tunatazama."

Lo! Neno hilo lilimchoma. Alifungua mdomo amkaripie, Suma akamkazia macho, akaufunga.

Tangu siku hiyo aliingia darasani mikono nyuma. Kila kipindi kikiisha aliwauliza wamekwama wapi, akaandika walivyosema, hata yaliyomuuma. Mwanzoni ilikuwa balaa. Ng'ombe walifanana na meza! Mara mbili alinyoosha mkono achukue penseli, mara mbili akaurudisha. Asikwambie mtu, kwa mwenye kiburi kujirudi ni kazi ya jasho.

Januari mlango ukafungwa tena. Safari hii Atusaye alimchora mama muuza vitunguu, mkono wake mkubwa kuliko kichwa. Zamani Andwele angeufuta mara moja.

"Mbona mkono mkubwa hivi?" Ndugu Evaristi akauliza.

"Ndivyo nilivyouona, Ndugu. Nilikuwa nautazama usinipunje vitunguu."

Mtahini akacheka, akaandika alama. Ishirini walipata vyeti, Atusaye akiwamo. Wawili waliosalia Andwele alikwenda kuwaomba msamaha mmoja mmoja, maana miaka yao miwili ya chuo aliila yeye. Alilia mbele yao, wala hakuona haya.

FUNZO

Mwalimu asiyejiuliza anafundishaje hujifundisha mwenyewe tu, na gharama hulipwa na wanafunzi. Ufundi wako si ufundi wao mpaka waufanye kwa mikono yao. Basi kesho kipindi kikiisha, muulize mmoja wao amekwama wapi. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.